Njia ngumu za baiskeli ya changarawe milima ya Usambara: je, mpango huu wa siku nne unatekelezeka?

Msafiri wa Nyika (swali)

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mwenzangu tunajiandaa kupanda Usambara Magharibi kwa baiskeli mwishoni mwa Julai. Baiskeli zetu ni za changarawe, zenye usukani uliopinda, tairi za upana wa milimita 40, breki za diski zinazovutwa kwa waya, meno 40 mbele na meno 34 kwenye giya nyepesi kuliko zote nyuma. Tumezoea safari ndefu za barabara za vumbi za tambarare, lakini mlima wa kweli hatujawahi kuupanda tukiwa na mizigo.

Nimepanga hivi: siku ya kwanza tutoke Mombo hadi Lushoto kwa lami kupitia Soni, siku ya pili tutoke Lushoto hadi Mtae kupitia Magamba na Lukozi, siku ya tatu turudi Lushoto kwa kuzunguka Rangwi na Mlalo, siku ya nne tushuke Soni, tuzuru Vuga, kisha turejee Mombo. Sitaki kupita tu na kuhesabu kilomita, kwa kuwa historia ya milima hii ndiyo iliyonivuta tangu mwanzo. Naomba wenye uzoefu waniambie ni kipande kipi kitatulemea, na kama vifaa vyetu vinatosha.

Mwana wa Shambaai

Karibu sana, ndugu. Mpango wako unatekelezeka, isipokuwa siku ya tatu umeibana mno, na nitaeleza kwa nini.

Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33, na katika umbali huo unatoka kwenye joto la nyika, mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye mji ulio karibu mita 1,400. Watu wengi huihofia barabara hiyo kuliko inavyostahili. Mwinuko wake ni wa taratibu na unaendana na korongo la mto hadi Soni, ambako maporomoko ya maji yako kando ya barabara yenyewe. Hatari yake ni mabasi na malori yanayokata kona nyembamba. Ondokeni Mombo kabla jua halijachomoza vizuri, nanyi mtakuwa mmeumaliza mlima kabla ya magari kuwa mengi.

Ugumu wa kweli unaanza mkishaiacha Lushoto. Kupanda hadi Magamba ni mazoezi tu. Kuanzia hapo kuelekea Malindi, Lukozi, Manolo na Sunga, barabara haipandi mlima mmoja ukaisha: inapanda, inatumbukia bondeni, inavuka kijito, inapanda tena, na kila kipande ni kifupi lakini kikali. Mtu wa tambarare huzoea kuchagua mwendo wake na kuushikilia kutwa nzima, ilhali huku mwendo mnachaguliwa na kilima. Meno 40 kwa 34 hayatawatosha mkiwa na mizigo. Tafuteni giya ambayo idadi ya meno ya mbele ni sawa na ya nyuma au pungufu, la sivyo mtakokota baiskeli kuanzia Lukozi, tena mkiwa mmechoka magoti.

Mwishoni mwa Julai ni wakati mzuri kwa sababu masika huwa yameisha na barabara zimekauka. Hata hivyo kipupwe huleta ukungu na manyunyu huku juu, na udongo wetu ni mwekundu na wa mfinyanzi. Nimewahi kuupita baada ya mvua ya nusu saa tu karibu na Sunga. Tairi la mbele lilianza kwa kuvaa ngozi nyembamba ya tope, kisha ngozi ikawa nene kama chapati, na hatimaye tope likajaa kati ya tairi na uma hadi gurudumu likagoma kabisa kuzunguka. Nilikuwa nikilikwangua kwa kijiti, nasogea hatua ishirini, nalikwangua tena. Hali hiyo ikiwakuta, msilazimishe: ingieni pembeni kwenye majani, au subirini jua lifanye kazi yake, kwa maana udongo huo huo ukikauka kidogo hupitika kwa raha.

Kuhusu historia, angalieni Mtae ilivyokaa. Wasambaa tangu zamani wanatenganisha Shambaai, yaani nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika iliyo chini. Vijiji vingi vya kale viko karibu na ukingo ili watu wapate mazao ya juu na pia wawaone wanaokuja kutoka chini. Mkisimama Mtae asubuhi, ukungu ukifunguka, mtauona uwanda wa Mkomazi umelala chini yenu wote, na mtaelewa jambo hilo bila kuelezwa na mtu. Ndiyo maana nawasihi mlale hapo usiku mmoja kamili, msifike jioni na kuondoka alfajiri.

Fundi wa Magurudumu

Ndugu hapo juu amesema vyema kuhusu kupanda. Mimi nitazungumzia kushuka, kwa kuwa baiskeli nyingi ninazoletewa kutoka safari za milimani zimeharibikia kwenye mteremko.

Breki za waya si mbaya, mradi uzijue. Kishikio huhitaji kuvutwa zaidi kadiri pedi zinavyolika, na pedi kwenye vumbi lenye mchanga hulika upesi kuliko mtu anavyodhani. Siku inayoanza na kishikio kigumu inaweza kumalizika kishikio kikigusa usukani. Kila mnapopumzika, zungusheni kirekebishi cha waya na mhakikishe breki inashika kabla kishikio hakijafika nusu ya safari yake. Bebeni pedi za akiba jozi mbili kwa kila baiskeli, na ikiwezekana ziwe za unga wa chuma, ambazo hustahimili joto na tope kuliko za resini ingawa hupiga kelele.

Namna ya kufunga breki nayo ina uzito wake. Wageni wa milima hushikilia breki kidogo kidogo kutoka juu hadi chini, na diski haipati nafasi ya kupoa hata mara moja. Acheni baiskeli iende pale barabara iliponyooka na mnapoona mbele, kisha fungeni kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, mkiwa bado wima, halafu achieni mnapoingia konani.

Tairi za milimita 40 zinapita, ila 45 zingewafaa zaidi kama uma una nafasi, kwa sababu mtaweza kupunguza upepo na kupata mshiko kwenye mawe yaliyolegea. Msisahau tyubu, viraka na kipande cha mnyororo.

Binti Mlalo

Naunga mkono waliotangulia, na nakazia suala la siku ya tatu. Kutoka Mtae kupitia Rangwi hadi Mlalo, kisha hadi Lushoto, si safari ya siku moja kwa baiskeli yenye mizigo. Laleni Mlalo. Mkikosa siku ya tano, basi ni heri mrudi kwa njia mliyoijia kuliko kuukimbia upande huu mzuri kuliko yote.

Bonde la Mlalo lina mengi kwa mtu anayejali historia. Wamisionari wa Kijerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1891 wakakiita Hohenfriedeberg, kama vile Lushoto nayo ilivyoitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani. Baadaye, katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa hapa kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa kina mama, na mpango uliachwa baada ya watu kuukataa waziwazi. Mnapopanda kwa giya nyepesi na kutazama jinsi mashamba yalivyo wima, mtapata kujua kwa miguu yenu wenyewe walichokuwa wakikikataa.

Jambo moja la utaratibu: barabara kuu ya vijiji haina kizuizi, lakini mkitaka kuingia na baiskeli kwenye vijia vya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ni lazima mpate kibali na mlipe ada kwa Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kuingia. Msikate njia ya mkato msituni bila hayo.

Msafiri wa Nyika

Nawashukuru nyote kwa dhati. Tumeongeza siku moja ili tulale Mlalo, hivyo safari itakuwa ya siku tano, na tumeagiza giya nyepesi zaidi. Naomba neno moja kuhusu Vuga: je, kuna cha kuona, au nitapoteza muda?

Mwana wa Shambaai

Hutapoteza muda, ndugu yangu, ila usitarajie ngome wala jengo kubwa la kumbukumbu. Vuga ilikuwa makao ya Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa ulioanzishwa na Mbegha mwindaji, na ndipo mmisionari Mjerumani Krapf alipofika mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka milimani hadi pwani. Baada ya kifo cha Kimweri, mwanawe Semboja aliweka makao Mazinde, huko chini kwenye njia ya misafara. Mkipata saa moja Lushoto, nendeni Irente, ukingoni mwa mlima karibu na mji, mtaiona Mazinde kwa chini, na utaona jinsi biashara ya nyika ilivyoweza kuuvuta utawala ushuke kutoka mlimani.

Wekeni mizigo Soni, mpande Vuga mkiwa wepesi, kisha mrudi Soni na kushuka Mombo kwa lami kabla giza halijaingia. Mkifika, shukeni kwenye baiskeli kabla ya nyumba za kwanza, msalimie, mwulize wazee. Maelezo ya mahali palipokuwa na ua wa mfalme mtayapata kwao.