Kuiagiza kompyuta ya nyumbani ipakue faili kwa barua pepe

Mwana wa Langoni
Assalaam aleikum. Siku za kazi huwa niko Malindi, ilhali kompyuta yangu yenye mfumo wa Ubuntu iko nyumbani Amu, kwenye intaneti inayolipiwa kwa mwezi. Huku natumia bando la simu, ambalo halihimili mafaili makubwa. Ningependa, nikipata kiungo, nikitume kwa barua pepe, kompyuta ikisome yenyewe na ianze kupakua, ili nikivuka kutoka Mokowe mwisho wa juma nikute faili liko tayari. Nimefungua poti (mlango wa mawasiliano) kwenye ruta ili niingie kutoka nje, lakini sipati njia. Je, barua pepe yaiweza kazi hiyo, na usalama wake ukoje?

Fundi wa Mambrui
Waaleikum salaam. Kwanza tazama anwani ya intaneti inayoonyeshwa na ruta. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti uliyofungua haifiki popote. Hapo ndipo barua pepe inapofaa, kwa sababu kompyuta yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuiuliza seva kama kuna ujumbe mpya.

Fungua sanduku la barua la kazi hii peke yake. Skripti (programu fupi) ya lugha ya Python yenye imaplib, maktaba ya kusomea barua, itaingia kwenye seva kupitia poti 993, itatoa kiungo ndani ya barua na kukikabidhi kwa wget, programu ya kupakua, na cron, kipanga-ratiba cha mashine, itaiamsha kila baada ya dakika tano. Isome barua kwa BODY.PEEK[], amri ya kuichungulia tu, ili isitiwe alama ya kusomwa kabla faili halijakamilika, na tumia flock, kufuli ya kuzuia skripti mbili kwenda pamoja, la sivyo skripti ya pili itaanza wakati ya kwanza bado inapakua. Ukiweka -c kwenye wget, amri ikirudiwa baada ya umeme kukatika itaendelea pale ilipoishia, maadamu seva yenye faili inaruhusu. Kwa Gmail, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nywila ya programu, ambayo skripti itaingilia.

Mkaazi wa Shela
Fundi amesema kweli, ila suala la usalama hakuligusa, na hapo ndipo penye kazi. Anwani ya mtumaji ni maandishi tu; yeyote aweza kuandika yako, kama mtu anavyoweza kuandika jina la mwenzake nyuma ya bahasha. Skripti isome mstari wa Authentication-Results uliowekwa na seva yako mwenyewe, ikubali tu barua iliyopita DMARC, yaani ukaguzi wa uhalali wa anwani ya mtumaji, na juu ya hayo idai neno la siri.

Kubwa zaidi ni kwamba barua isiweze kuagiza lolote isipokuwa kupakua. Kiungo kianze na https, kipitishwe kwa subprocess.run, njia ya Python ya kuendesha programu nyingine, kikiwa ndani ya orodha, wala kisiunganishwe na amri ya shell (programu inayosoma amri zilizoandikwa), kwani alama moja ya nukta-mkato yatosha kumpa mgeni nafasi ya kuongeza amri yake. Skripti iendeshwe na mtumiaji asiye na sudo, yaani ruhusa ya msimamizi. Wapo wanaotaka barua iweze hata kufuta folda au kuzima mashine. Mimi siwaungi mkono.

Nahodha
Ikiwa unachotaka ni mafaili ya diski za kuwekea Ubuntu, barua ya nini? Yanapatikana kwa torenti, yaani kupakua vipande kutoka kwa watumiaji wengine. Transmission, programu ya torenti, huweza kuwekewa folda ya kuangalia, na faili dogo la torenti likitua humo, upakuaji huanza. Lipeleke kutoka kwenye simu kwa Syncthing, programu ya kuoanisha mafolda ya vifaa viwili, ambayo hupita hata nyuma ya anwani ya pamoja.

Mwana wa Langoni
Ahsanteni sana. Torenti zitapita kwa Syncthing, na viungo vingine kwa barua. Umeme ukikatika usiku kisha ukarudi, nani ataiwasha mashine? Nyumbani yuko bibi peke yake, na sitaki kumsumbua.

Fundi wa Mambrui
Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Ubuntu kuwaka, utafute mpangilio wa umeme unaporudi, uweke mashine iwake yenyewe. Cron huanza hata kabla mtu hajaingia na nywila yake. Lakini ikiwa uliifunga diski yote kwa nywila ulipoweka Ubuntu, mashine itasimama hapo ikingoja iandikiwe, na bibi itabidi asumbuliwe.