Wachungaji, acheni kukata mistari ya Biblia ili mle hela za wajane

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha. Naandika kama Mkristo niliyeokoka na ninayetoa sadaka, kwa hiyo asije mtu kuniambia napinga dini.

Mama yangu mdogo ni mjane, anauza dagaa sokoni hapa Mwanza. Jumapili moja nilimsindikiza kanisani kwake. Neno lilitoka Marko 12, yule mjane wa senti mbili. Mhubiri akasoma kuanzia mstari wa 41 hadi wa 44, akafunga Biblia, basi. Kilichofuata ni kelele: "Yule mama alitoa vyote! Wewe umeficha nini kwenye pindo la kanga?" Kinanda kinapigwa taratibu, wahudumu wanapita na bahasha, lipa namba imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Akasema Mungu amemwonyesha watu saba humo ndani wa kupanda mbegu ya laki mbili, na kabla mwezi haujaisha milango yao itafunguka. Mama mdogo akafungua fundo. Hela ile ilikuwa ya rejesho la VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Nikamshika mkono, akautoa, akaenda mbele analia.

Siku ya rejesho hakuwa na kitu. Akaona aibu mbele ya wenzake wa kikundi, akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Sasa mtaji wa dagaa umekatika na riba inapanda kila wiki. Tulipomfuata mhubiri ofisini, jibu lilikuwa kwamba mama hakutoa kwa imani. Mjane ametoa hela ya mwisho halafu anaambiwa kosa ni lake!

Sasa naomba tufungue hiyo hiyo Marko 12. Rudi nyuma mstari mmoja tu kutoka pale mhubiri alipoanzia. Mstari wa 40 Yesu anawasema waandishi "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu, hawa watapata hukumu iliyo kubwa." Hapo ndipo mjane anaingia na kutia "riziki yake yote pia." Sasa songa mbele. Sura ya 13 inaanza, mwanafunzi anashangaa mawe mazuri ya hekalu, Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Marko hakuandika sura wala mistari, sura zimewekwa karne ya 13. Ukisoma mfululizo unaona wala nyumba za wajane, kisha mjane aliyebaki bila riziki, kisha hukumu ya nyumba iliyopokea senti zake. Yesu alimsifu yule mama kuliko matajiri wote, ni kweli. Ila hakumgeukia mjane mwingine akamwambia na wewe lete. Mhubiri mwenye shahada ya theolojia hakuuona mstari wa 40? Aliuona. Ndiyo maana alianzia 41.

Malaki nayo ni vile vile. Kila mtoto wa Sunday school anaijua 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Nani amewahi kusikia mahubiri ya 3:5? Sura hiyo hiyo, mistari mitano juu yake, Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya "wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, wamwoneao mjane na yatima." Na hiyo zaka yenyewe, Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema kila mwisho wa miaka mitatu iwekwe mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mjane alikuwa kwenye orodha ya wanaolishwa na zaka! Mama mdogo kwa sheria ya Musa alitakiwa kutoka kanisani na kapu la chakula.

Mafuta ya upako nayasema kwa kifupi maana yananiuma. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wao ndio wamfuate, wamwombee na kumpaka mafuta. Hakuna chupa ya kuuza wala foleni. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi wakikanyagana ili wakanyage mafuta ya upako. Na sura hiyo hiyo ya Yakobo, mstari wa 4, inasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kwenye viti vya mbele wamekaa watu ambao dada wa kazi wa nyumbani hajalipwa mshahara. Wamo wafanyabiashara wanaomlazimisha mkulima ajaze lumbesa, yaani gunia lililopita kipimo, kisha wanamlipa bei ya gunia moja. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Sijawahi kusikia mahubiri ya lumbesa. Hao wa lumbesa ndio wanaoitwa mbele kuombewa kwanza, kwa sababu bahasha zao ni nene.

Najua wapo watumishi wanaofundisha sura nzima kwa uaminifu na wanaishi kwa shida, siwazungumzii hao.

Ninachodai ni hiki. Mchungaji unayesoma uzi huu, Jumapili hii soma Marko 12:38 mpaka 13:2 kwa sauti, bila kuruka, kabla bahasha hazijapita. Kama kanisa limepokea hela ya mkopo kutoka kwa mjane, irudishwe.

Na atakayekuja na "msiwaguse masihi wangu" ili wachungaji wasikosolewe, asome Zaburi 105 kuanzia mstari wa 8. Pale Mungu anawakemea wafalme kwa ajili ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni wasio na mtetezi. Kwenye kisa changu mimi, huyo asiye na mtetezi ni mama mdogo.