Mjadala: Gharama ya kulea mtoto mchanga ikatwe kwenye mshahara wa nani?

Mtoa hoja: Ndugu wachangiaji, likizo ya uzazi inapokaribia kwisha, familia nyingi huchukua mshahara wa mama, zikatoa malipo ya yaya au ya kituo cha kulelea watoto, na zikiona kinachobaki ni kidogo, huamua mama aache kazi. Hesabu hiyo naipinga. Malezi ya mtoto huwawezesha wazazi wote wawili kwenda kazini, kwa hiyo gharama yake ni ya bajeti ya nyumba nzima. Tena hesabu hiyo huishia kwenye mshahara wa mwezi, ikasahau michango ya pensheni, kupanda cheo na uzoefu, ambavyo mama akishavikosa kwa miaka kadhaa ni vigumu kuvifidia. Mchumi Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ameonyesha kuwa katika nchi tajiri pengo la mapato kati ya wanawake na wanaume wa kazi ileile hutokana kwa kiasi kikubwa na kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza. Malipo ya yaya yana mwisho wake, lakini hasara hiyo humfuata mama hadi kustaafu.

Mchangiaji: Kuhusu bajeti nakubaliana nawe, ila fedha si kizuizi pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, ilhali Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14. Kwa anayepata wiki 14 tu, wiki 12 hivi zinazopungua hapo nani azigharimie? Mkataba huo unampa mama mapumziko ya kunyonyesha yanayohesabiwa kuwa muda wa kazi, lakini hayamsaidii sana ambaye mtoto wake yuko mbali na kazini hana chumba cha kukamulia maziwa. Nisingependa pia hoja yako igeuzwe kuwa lawama kwa wanaopenda kubaki na watoto wao.

Mtoa hoja: Anayependa kubaki simlaumu hata kidogo, nataka tu aamue akiwa na hesabu kamili mbele yake. Wiki hizo ulizozitaja zigharimiwe na hifadhi ya jamii, kwa sababu mwajiri akiachiwa mzigo peke yake ataogopa kuajiri wanawake. Na katika bajeti hiyo yaya alipwe ujira wa haki, kwani mara nyingi naye ana mtoto aliyemwachia mtu.