Kukodisha adui wa angani: mkandarasi anaweza kumnoa rubani wa kivita?

Mlenga_Anga aliuliza:

Wakuu, salaam. Majeshi ya anga makubwa yanazidi kuzipa kampuni binafsi kazi ya kucheza adui kwenye mazoezi ya mapigano. Oktoba 2019 Jeshi la Anga la Marekani liliziingiza kampuni 7 kwenye mkataba wa pamoja wenye ukomo wa dola bilioni 6.4. Uingereza ilivunja Kikosi cha 100 kilichokuwa kikirusha ndege za mafunzo za Hawk T1 mwaka 2022, na sehemu ya kazi hiyo ikaenda kwa kampuni ya Draken na ndege zake za L-159E. Kanada na Ujerumani zinatumia kampuni ya Top Aces.

Hoja ninayoisikia kila mara ni unafuu wa bei ya saa ya kuruka. Naomba wanaoijua kazi hii wanifafanulie: hesabu hiyo inasimama kweli? Ndege iliyobuniwa miaka ya 1960 inamfundisha nini rubani wa F-35, ndege ya kisasa isiyonaswa kirahisi na rada? Na ukikaa kuandika mkataba wa namna hii, ni wapi watu wanaumia?

---

Upande_Mwekundu alijibu:

Mkuu, bei ya saa ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayotangazwa. Anzia kwenye idadi. Zoezi la maana la ndege 4 za upande wa bluu (wanaofunzwa) linahitaji angalau ndege 8 za upande mwekundu (wanaoigiza adui). Kama huna adui wa kukodi wala kikosi maalumu cha kuigiza adui, hizo 8 zinatoka kwenye vikosi vyako mwenyewe. Maana yake, kila rubani mmoja anapojifunza, wawili wanamtumikia.

Na huyo anayetumika hajifunzi anachotakiwa kujifunza. Anaruka kwa mwendo na kimo alichopangiwa, anazuiwa kutumia nusu ya vitambuzi vyake, "anauawa", anarudi hadi mstari wa kufufukia, anageuka na kuja tena. Saa yake kwenye daftari inahesabika kama ya wengine, lakini ustadi wake wa vita umesimama pale pale. Mwaka 2018 GAO, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, iliandika kwamba marubani wa ndege za kivita za F-22 hawapati mazoezi yote wanayohitaji, na moja ya sababu ni kutumika kama adui wa wenzao. Ndiyo maana kule kambi ya Langley waliweka T-38, ndege ya mafunzo, ili kuziokoa F-22 kutoka kwenye kazi hiyo.

Ongeza uchovu wa chuma. F-16 iliundwa kwa maisha ya saa 8,000. Kila saa unayoitumia kuigiza ndege ya mtu mwingine umeikata kwenye maisha ya ndege yako ya vita.

Kwa hiyo swali la mhasibu lisiwe "saa ya mkandarasi ni bei gani?" Liwe "saa ngapi za bluu zimerudi kwa wenyewe?" Na unapolinganisha bei, chunguza kama mafuta yamo. Mara nyingi mafuta, maegesho, podi (vifaa vinavyoning'inizwa nje ya ndege) za kurekodi mwenendo wake na muda wa anga la mazoezi vinatolewa na serikali, halafu vinasahaulika kwenye jedwali. Bei inayoonekana nusu inaweza kupanda sana ukivirudisha.

---

Fundi_Karakana alijibu:

Nichangie upande wa mabanda ya ndege, kwa sababu mikataba mingi inakwama huku kabla ya rubani kufunga mkanda.

Ndege hizi ni mali iliyostaafu kwingine: A-4K kutoka New Zealand, Mirage F1M 22 kutoka Hispania, Cheetah 12 kutoka Afrika Kusini, zote zilinunuliwa na Draken. Kampuni nyingine, ATAC, walichukua Mirage F1 63 kutoka Ufaransa mwaka 2017, na katika kundi kama hilo sehemu kubwa ni za kuchinjwa ziwe spea. Ukisoma zabuni yenye idadi kubwa ya ndege, uliza moja tu: ngapi zina karatasi za kuruka leo, na ngapi ni ghala la spea?

Injini inaamua mambo. Atar 9K-50 ya Mirage F1 haitengenezwi tena, kwa hiyo kila blade inayopasuka inatafutwa kwenye akiba iliyopo duniani. J85 ya F-5 ina nafuu kwa kuwa T-38 bado zinaitumia. F100 ya F-16 ina nafuu zaidi. Hii ni sababu moja ya Top Aces kwenda kununua F-16 za Israel. Za kwanza zilifika Mesa, Arizona, Januari 2021.

Jambo linalopuuzwa mno ni kiti cha kumrusha rubani nje. Ndani yake kuna vilipuzi vidogo vingi: vya kufyatua dari, vya kusukuma kiti, vya kufungua mwavuli. Kila kimoja kina tarehe mbili za kufa: moja inahesabiwa tangu kitoke kiwandani, nyingine tangu kifungwe kwenye ndege, na inayotangulia ndiyo inayoshika. Kwa kiti cha zamani, mtengenezaji anasubiri oda zijae kidogo ndipo awashe mtambo. Ukiagiza tarehe ikiwa imekaribia, ndege inakaa chini miezi huku kila kitu kingine ni kizima. Dai rejista ya vilipuzi vyote kwa namba na tarehe, na ikaguliwe kila robo mwaka. Asikubali mtu kuongezewa muda kwa barua tu bila majaribio ya maabara kwenye fungu hilohilo.

Halafu hesabu ya kuziamsha. Ukitaka 4 angani asubuhi na 4 mchana, usikubali mkandarasi aliye na 5 uwanjani. Panga 6 kwa wimbi la kwanza, na moja ya akiba iwe imeshawashwa injini wakati nyingine zinaelekea kwenye njia ya kurukia. Ndege ya umri huu ikilala wiki mbili, mipira ya haidroliki inakauka na kuanza kuvuja. Ikiruka kila siku inaharibika kidogo kuliko ikipumzishwa.

Na tusizungumze kama hatari ni ya kwenye karatasi. Desemba 2018 ndege aina ya Hunter ya mkandarasi ilianguka baharini karibu na Honolulu, rubani akajirusha akapona. Mei 2021 Mirage F1 ilianguka karibu na kambi ya Nellis, Marekani, na rubani akafa.

---

Kombora_la_Karatasi alijibu:

Swali la pili la mleta mada linanigusa. Umri wa ndege si tatizo lenyewe. Tatizo ni kuitumia kwa kazi isiyoiweza, halafu kuandika kwamba zoezi limekamilika.

A-4 au Alpha Jet, zisizofika mwendo wa sauti, zinafaa vizuri kuwafundisha waongozaji wa mashambulizi walioko ardhini, kuigiza kombora linaloelekea meli, kubeba podi za kuvuruga rada, na hata kupigana kwa karibu na rubani mchanga. Lakini usimpeleke mpiganaji wa kombora la masafa marefu akafanye mazoezi na adui anayekuja taratibu bila rada. Atazoea kwamba ana muda. Umbali ambao kombora lake linafika unategemea mwendo na kimo cha pande zote mbili. Adui akija chini na polepole, hesabu yote inapinda, na rubani anajifunza kufyatua kwa wakati usiofaa vitani.

Kinachomfaa rubani wa F-35 ni msongamano na udanganyifu. Ndege 8 au 10 zinazogawanyika, mbili zikishuka, moja ikigeuza ubavu ili ipotee kwenye rada, nyingine ikitoa mawimbi ya kuvuruga. Hapo Mirage F1 au F-16A yenye rada ya kisasa, kitambuzi cha joto na mawasiliano ya data inatosha kumtoa jasho, maana kinachojaribiwa ni kichwa chake katika kupanga nani ampige nani. Pale unapohitaji adui asiyeonekana kwenye rada, mkandarasi hana. Marekani yenyewe ilifufua Kikosi cha 65, cha kuigiza adui, pale Nellis mwaka 2022 kwa F-35A kwa ajili hiyo.

Kila ruko (safari moja ya kuruka) liandikiwe kadi inayosema adui ni nani: mwendo, kimo, kombora la kuigiza lina masafa gani, rada iendelee kumshika mlengwa kwa sekunde ngapi baada ya kufyatua, na akipigwa anatoka kwenda wapi. Pasipo kadi, marubani wakongwe wa mkandarasi wataruka wanavyojua wao, na wanajua vizuri, ila watakuwa wanaigiza jeshi lao la zamani.

Sheria za usalama hazibadiliki kwa sababu mtu ni raia. Kwa kanuni za Marekani kila ndege ina duara la futi 500 ambalo nyingine haiingii, sakafu ya kawaida ya kupiga misokoto ni futi 5,000 juu ya ardhi, na yeyote, awe mchanga kuliko wote, anaweza kutamka amri ya kusitisha na wote wakanyoosha mabawa. Kwenye mkataba andika wazi kwamba rubani wa kampuni aliyesitisha zoezi hakatwi malipo ya saa hiyo. Ukimfanya afikirie pesa kabla ya kubonyeza redio, umeshaharibu.

---

Mlenga_Anga aliongeza:

Nashukuru sana wakuu. Mmegusa malipo. Mkilipa kwa saa, si mkandarasi atajaza saa tu? Na je, kazi hii isihamishiwe kwenye simuleta, mashine za kuigiza kuruka, ikaisha?

---

Kifungu_kwa_Kifungu alijibu:

Atajaza, tena bila kuvunja neno lolote la mkataba. Ndege 4 zikiruka saa moja na dakika 20, kati ya hizo dakika 35 tu ni za mapigano, zilizobaki ni za kwenda na kurudi. Ukilipa saa tupu, kampuni haina sababu ya kuja na rada inayofanya kazi. Gawa malipo: sehemu ya kudumu kila mwezi inayobeba mishahara na karakana, kisha malipo kwa kila ruko lililotimiza kadi. Rada imekufa, podi haitoi mawimbi, ndege zimefika 3 badala ya 4: ruko linalipwa kwa asilimia iliyokubaliwa mapema. Hali ya hewa ikifuta, hasara ni ya serikali. Usipoweka hivyo, utashawishi watu waruke kwenye mawingu mabaya.

Sehemu ya kudumu usiibane mno. Kampuni isiyo na uhakika wa kima cha chini haitanunua injini za akiba, na yale aliyoyasema Fundi_Karakana yatakukuta mwaka wa pili.

Usimamizi ndipo penye mtego. Marekani, ikitangazwa kwamba ndege ya mkandarasi inaruka kwa shughuli ya serikali, sehemu kubwa ya usimamizi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, juu ya ubora wake inaondoka, na jukumu linahamia kwa taasisi iliyoikodi. Wengi wanadhani kinyume chake. Kwa hiyo lazima awepo mwakilishi wa serikali anayesaini taratibu za kuruka, anayeidhinisha rubani mmoja mmoja kwa jina, na mwenye mamlaka ya kuisimamisha ndege chini. Huyo asiwe ofisa mwenye kazi nyingine tatu.

Siri nayo. Mafunzo halisi yanapatikana kwenye tathmini baada ya kutua, pale mnaporudia rekodi fyatuo kwa fyatuo. Rubani wa kampuni asiye na kibali cha siri anatolewa chumbani, na bluu inabaki kukisia kwa nini adui alifanya alichofanya. Dai vibali kwa angalau kiongozi wa kundi na naibu wake kabla ya ruko la kwanza. Na maarifa wanayobeba yafungwe kisheria baada ya ajira pia: Oktoba 2022 Uingereza ilitoa tahadhari hadharani kuhusu marubani wake wa zamani waliokuwa wakivutiwa kwenda kufundisha jeshi la China.

Kuhusu simuleta: ndiyo kwa mbinu ambazo hutaki rada za jirani zizinase, na kwa makombora ya ardhini yaliyojaa kila upande. Lakini simuleta haimkandamizi rubani shingo kwa uzito mara 7, wala haimwishii mafuta akiwa mbali na uwanja.

---

Upande_Mwekundu alijibu:

Nakubaliana na Kifungu, ila niongeze moja ambalo sitalilegeza. Kikosi cha ndani cha kuigiza adui kisifutwe. Marekani ilianzisha Topgun, shule ya marubani wa kivita ya jeshi la majini, mwaka 1969, vikosi vya kuigiza adui vya jeshi la anga mwaka 1972 na Red Flag, zoezi kubwa la vita vya anga, mwaka 1975 kwa sababu Vietnam ilionyesha marubani walikuwa wamezoea kupigana na ndege zinazofanana na zao. Watu wa kusoma taarifa za kijasusi, kutafsiri mbinu za adui na kuandika zile kadi wanatakiwa wavae sare. Mkandarasi apewe wingi wa ndege. Akipewa pia kazi ya kuamua adui anapiganaje, atachagua adui ambaye ndege zake zinaweza kumwigiza.