Bolti ya sampu imelika kichwa, haifunguki (Probox 1NZ)

KisauniKwetu
Assalaam aleikum wakuu. Gari ni Probox, injini 1NZ-FE, nabadilisha oili hapa nyumbani. Soketi namba 14 ya pembe kumi na mbili imeteleza na kona za bolti zimelika zote. Haijasogea hata kidogo, na oili yote bado imo ndani. Nifungue vipi bila kuharibu sampu (bakuli la oili chini ya injini)? Nina vaisgripi (koleo ya kujifunga), nyundo, tindo, tupa na soketi za kawaida.

ChumaChaPwani
Waaleikum salaam. Hiyo soketi ya pembe kumi na mbili iweke kando, ndiyo iliyomaliza kona. Na kwa magari ya huku kwetu kuna jambo jengine: chumvi inakula kichwa cha bolti, kinapungua, kwa hivyo soketi 14 inacheza hata ikiwa nzuri.

Iwashe injini dakika tano tu kisha izime, sampu iwe vuguvugu. Gari likae kwenye stendi, usilale chini ya jeki peke yake. Sugua kichwa kwa brashi ya waya, halafu chukua soketi 13 ya pembe sita uigonge mpaka imeze kichwa chote. Ikikataa, piga tupa kidogo kwenye pembe. Gonga taratibu na iwe imenyooka, maana sampu hiyo ni ya bati. Ikibonyea inasogelea chujio la kunyonyea oili.

Ukikitazama kichwa uso kwa uso, zungusha kinyume cha saa. Ukiwa umelala chali ni rahisi kuchanganya ukawa unakaza.

Mekanika_Likoni
Naongezea: usihangaike na dawa ya kulegeza kutu. Thredi (meno ya bolti) za ndani zimelowa oili siku zote, kinachoshika ni kola (ukingo mpana wa kichwa) na washa (pete ya kuzuia kuvuja). 13 ikishindwa, kaza skrubu ya nyuma ya vaisgripi mpaka ihitaji mikono miwili kufunga, ndipo uzungushe. Tindo ni baada ya hapo: toboa alama ukingoni mwa kola, kisha ilaze tindo ugonge kuelekea upande wa kufungulia.

Kuchomelea nati juu ya kichwa kunafanya kazi vizuri sana, joto lenyewe linalegeza. Lakini oili inyonywe kwanza kwa mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki, na waya wa hasi wa betri utolewe.

KisauniKwetu
Shukran. 13 imeshika na bolti imelegea, ila sasa inazunguka tu, haitoki.

ChumaChaPwani
Basi thredi zimeng'oka. Penyeza ncha ya bisibisi bapa nyuma ya kola, isukume itoke huku unazungusha polepole. Thredi zilizobaki zitashika. Beseni liwe tayari.

Ikitoka, iangalie. Ikiwa imezongwa na chuma chembamba kama waya, tundu la sampu ndilo limekwisha. Ikiwa meno yake yenyewe ndiyo yamesagika na tundu ni zima, nunua bolti mpya tu, M12 (unene milimita 12) yenye hatua ya 1.25 (milimita kutoka jino hadi jino). Utaambiwa utie bolti nene inayojikatia thredi. Hiyo ni ya kusukuma siku, kila ukiifungua inakula zaidi. Mimi nashauri helikoili (thredi mpya ya waya inayotiwa tunduni) ya M12 × 1.25 au sampu nyengine. Ukikata thredi, paka tapu (kifaa cha kukatia thredi) grisi inase vumbi la chuma, kisha mimina nusu lita ya oili safi juu, ipite na kutokea tunduni kabla hujafunga.

Mekanika_Likoni
Kufunga: tia washa mpya kila mara. Anza kwa vidole; ikigoma imeingia mshazari, itoe uanze tena. Kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni mita) 37 hivi. Kama huna spana ya kipimo, shika ya kawaida sentimita 25 kutoka kwenye bolti, uvute kwa nguvu ya kuinua kilo 15, basi. Washa kuukuu huvuja, mtu akazidi kukaza, na thredi huanza kufa hapo.

Oili ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Iwashe dakika mbili, izime, pangusa kola kwa karatasi uone kama kuna unyevu, halafu pima dipstiki. Oili chafu itie kwenye jerikeni uipeleke gereji, tafadhali. Ukiimwaga mtaroni inaishia baharini.