Wapiga picha wa harusi, mnapiga ngapi na mnamkabidhi mteja ngapi? Bi harusi anazitaka zote

FundiLensi

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa mnaopiga picha za harusi au kazi yoyote ya kulipwa, maana hapa nilipo kichwa kinauma.

Nimefanya harusi moja hapa Dar, kuanzia saluni asubuhi, kanisani, picha za nje ufukweni mpaka ukumbini usiku watu wanacheza. Picha za mnato nilikuwa peke yangu, mwenzangu alikuwa na video. Kufungua kadi kwenye kompyuta nakuta picha 2,600 na kitu. Nimechuja, nimeweka rangi sawa, nimemkabidhi bi harusi picha 430 kwenye flashi pamoja na albamu, na kwa mawazo yangu kazi ilikuwa imetulia.

Sasa bi harusi kasikia kwa huyo mwenzangu wa video kwamba nilipiga zaidi ya elfu mbili. Anasema hizo nyingine ni zake, kazilipia, nimpe zote kama zilivyo. Kamati nayo imeingia, mweka hazina kanipigia kwa heshima tu lakini unamsikia kabisa anahisi kuna kitu nimewabania. Mkataba wetu umeandika "picha zilizoeditiwa", idadi haipo.

Wenzangu kwenye harusi mnapiga ngapi na mnabakiza ngapi? Zinazobaki mnafuta au mnatunza, kwa muda gani? Na huyu dada nimjibuje bila kumkwaza, maana ana wadogo zake hawajaolewa na hizi kazi ni za kuitana.

mama_wawili

Mimi sio mpiga picha ila nimeolewa mwaka juzi so naongea upande wa bi harusi. Mpe. Nyie mnaangalia mwanga na fokasi, sisi tunaangalia nani alikuja. Mimi niliyempa kazi aliniletea picha nzuri sana, mimi na mume wangu machweo, viatu, pete juu ya ua, na bibi yangu aliyetoka Songea kwa basi hayupo hata kwenye moja. Nikamuuliza akasema alimpiga ila alikuwa kafumba macho akaifuta. Bibi yangu miaka ile yote alikuwa anafumba macho akipigwa flashi, ndo alivyo! Ningeipokea hivyo hivyo.

FundiLensi

Dada nimekuelewa na hiyo ya bibi imenigusa. Ila tatizo la "zote" ni hili, nitoe mfano. Baba anamkabidhi binti yake mbele ya madhabahu, hapo nina picha 14 za sekunde chache. Kwenye ya tatu baba kafumba macho, ya sita msimamizi kapita mbele na bega lake limeziba nusu ya fremu, ya nane na ya tisa ziko sawa kabisa ila mzee kakaza uso kama amekasirika, ya kumi na moja sasa, anamuangalia binti na mdomo umeanza kutetemeka, mkono wake wa kushoto bado umeshika kile kidole kidogo cha binti hataki kuachia. Hiyo ndo picha. Nikimpa zote 14 wataweka ya nane kwenye status, watu watasema mzee hakuridhia ndoa.

Mzee_wa_Negativu

Kijana umeieleza vizuri hiyo ya kidole, inaonyesha una jicho.

Sisi tulioanza na filamu swali lako lisingekuwepo. Roli moja picha 36, nyingine 24, na kamera ya Yashica ya filamu kubwa ya 120 ilikuwa picha 12 basi. Harusi nzima unaenda na roli nne, tano ukiwa na hela. Kila ukibonyeza unajua hiyo ni hela ya filamu, ya kusafisha na ya kuchapisha, kwa hiyo unachagua KABLA ya kubonyeza. Unamwambia mzee afumbue macho, unahesabu, unapiga. Kati ya 36 ulikuwa unatoa 30 zinazouzika.

Na wakubwa walikuwa hivyo hivyo. Mpiga picha Seydou Keïta pale Bamako, Mali, mteja mmoja kwa kawaida alimpiga shoti moja tu kwa sababu ya gharama, na leo picha zake ziko kwenye makumbusho duniani. Baada yake akaja Malick Sidibé, mji huo huo, yeye miaka ya 60 alikuwa anazunguka kwenye madansi ya vijana usiku, anarudi studio anasafisha, anatoa vipicha vidogo vidogo, anavigundisha kwenye makaratasi magumu na namba zake halafu anaviweka nje ya studio. Vijana wanakuja kujitafuta, nataka namba 17, nataka namba 40. Hapo ndo jibu lako lilipo. Usimpe zote, MUONYESHE zote. Toa nakala ndogo zenye nembo yako na namba, achague mwenyewe.

kigoma_boy

Sasa mzee hiyo si kazi mara mbili? Mtu aanze kuonyesha picha 2,600 mtamaliza lini

Mzee_wa_Negativu

Sio 2,600. Atoe kwanza zilizotikisika, zilizoungua na mwanga na za kujaribia flashi. Zitabaki kama elfu moja na mia kadhaa. Mtu akikaa na shangazi yake na chai wanazimaliza jioni moja na wanafurahi.

Picha_za_Uwanjani

Kwa upande wa michezo hesabu zetu ni tofauti kabisa ndugu. Mechi moja pale Benjamin Mkapa naweza kurudi na 1,500, na ikiwa Simba na Yanga ndo usiseme. Kamera za siku hizi kama Canon R6 zinapiga picha 12 kwa sekunde kwa shata ya kawaida (kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga) na 20 kwa ile ya kielektroniki, yaani kona moja tu una picha 40. Ila gazeti linataka chache, nyingine kabla ya mapumziko, kwa hiyo nachagua palepale kwenye kamera kwa kuzifunga kwa alama halafu natuma zenye alama tu. Kwetu picha nzuri ambayo imechelewa haina kazi.

Kuhusu kuchuja, ushauri wangu usianze kwa kutafuta mbaya za kufuta, anza kwa kutafuta nzuri. Kwenye Lightroom, ile programu ya kuchuja na kuedit picha, bonyeza P kwa unayoitaka halafu endelea, usirudi nyuma, usianze kuzipa nyota za ubora kwanza. Unamaliza 2,000 kwa saa mbili hivi. Ukianza kubishana na kila picha utakesha.

Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani 1955 mpaka 1957, akapiga roli zaidi ya 760, picha kama 27,000. Kwenye kitabu chake zikaingia 83. Kwa hiyo hizo 430 zako kati ya 2,600 ni nyingi tu, tena sana.

mama_wawili

Huyo alikuwa anatengeneza kitabu chake. Harusi ni ya wenyewe.

Picha_za_Uwanjani

Hapo sina ubishi dada.

Bi_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi hupiga harusi za wanawake tu, na naona hapa mwazungumzia kufuta ni kama suala la nafasi kwenye diski. Kwetu watu wakishaingia ukumbi wa wanawake mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, mtu yuko kwa raha zake, ndio maana harusi nyingi simu huachwa mlangoni na mwenye kamera lazima awe mwanamke. Picha ya mgeni akiwa vile haifai kuonwa na mtu asohusika, hata iwe nzuri vipi. Kwa hivyo kabla kukabidhi naketi na mama wa bi harusi tunazipitia, kuna wageni walosema mapema wasipigwe na wakatokea nyuma ya wenzao, hizo zatolewa. Akishahakikisha zimefunguka vyema kwake, mimi zangu nafuta zote, yeye akiona. Sibakishi ya kuweka kwenye ukurasa wangu, nikitaka ya matangazo napiga mikono yenye hina na maua ya jukwaa, basi.

Nasema haya kwa sababu ndugu ukimpa mtu "zote" wawapa pia watu ambao hawakuulizwa. Kwenye hizo elfu mbili zako kuna mtoto wa mtu amevuliwa nguo ya kubadilishwa pale saluni, kuna dada ziwa latoka akinyonyesha. Hizo ni zako kuzilinda.

FundiLensi

Aisee dada Bi_Kisauni asante, hilo sikuwa nimelifikiria kwa uzito huo. Za saluni kweli zipo, wasimamizi wako nusu nusu wanavaa. Hizo nazifuta leo leo.

dr_wa_pixel

Niongezee upande wa kuhifadhi. RAW, yaani faili ghafi lenye kila kitu kamera ilichonasa, kwa kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 28 hivi, mara 2,600 ni zaidi ya GB 70 kwa harusi moja. Diski ya TB 2 inajaa kwa harusi 27 na hapo bado nakala ya pili, na bila nakala ya pili hujahifadhi kitu. Shata nayo inakwisha, ya Canon 5D Mark IV kwa mfano imetajwa kudumu shoti 150,000, kwa mwendo wako wa 2,600 ni kama harusi 57.

Ninavyofanya: zilizochaguliwa natunza daima, RAW na JPEG (faili dogo la kawaida). Zisizochaguliwa ila ziko sawa nazitunza mwaka mmoja kwa JPEG tu. Mbovu nafuta wiki ileile.

Ila kuna kundi moja huwa sifuti KABISA, wazee. Picha yoyote ya mzee akiwa peke yake, uso unaonekana, hata kama bi harusi hakuichagua. Familia zinarudi. Simu inaingia alfajiri, "babu katutoka, ile picha ya harusi ya fulani bado unayo?" Wanaitaka ya kuweka mbele ya jeneza na ya kwenye tisheti na ratiba ya mazishi, na mara nyingi hawana nyingine ambayo mzee kavaa suti. Siku hiyo sitozi.

mama_wawili

Bibi yangu yule alifariki mwaka huu, tulikata picha ya kitambulisho tukaikuza. Ilitoka na madoadoa.

dr_wa_pixel

Pole sana dada.

FundiLensi

Wakuu nimerudi. Nimeongea na bi harusi, nimemueleza kwamba simnyimi picha, mbovu hazimfai na nyingine zina watu ambao hawajavaa. Nikamwambia aje Jumamosi na shangazi yake, nitakuwa nimetoa kama 1,100 ndogo zenye namba, atakazoongeza nitamuwekea rangi bila kumtoza. Kakubali, ila kauliza kama mama mkwe nae anaweza kuja. Nimesema waje wote.

Mkataba mpya nimeandika picha zisizopungua 350, mteja ataonyeshwa nyingine zinazofaa ndani ya wiki mbili, na zisizochaguliwa nazitunza mwaka mmoja. Hiyo ya wazee sijaiandika, naifanya tu. Mzee wa Negativu, hizo namba niziweke juu ya picha au chini?

Mzee_wa_Negativu

Chini kona ya kulia, ndogo, isiguse uso. Na watengenezee karatasi ya kuandikia namba pamoja na jina la aliyemo kwenye picha, maana shangazi ndo atakuambia nani ni nani, wewe huwajui.