Mrejesho: Kaseti za Bugs Bunny na Mickey Mouse kwenye Game Boy

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kaseti yangu ya Bugs Bunny ya Game Boy (mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo) na ile ya binamu yangu ya Mickey Mouse, iliyotoka Japani, zina gemu ile ile. Wengi mlisema moja ni feki.

Hakuna feki hapo. Zote ni za Kemco, kampuni ya gemu ya Japani, na siri ni leseni za katuni, yaani ruhusa ya kutumia mhusika fulani. Mwaka 1989 Kemco waliitoa Japani kwa Famicom Disk System (kifaa cha Nintendo cha kuchezea gemu za diski), na mhusika alikuwa sungura wa katuni Roger Rabbit. Kwenye Game Boy, Wajapani wakapewa Mickey. Marekani ikauzwa kama The Bugs Bunny Crazy Castle, Bugs akachukua nafasi ya Mickey. Mickey anaokota mioyo, Bugs anaokota karoti nane kila hatua, basi.

Aliyeniambia Game Boy haibagui kaseti za nchi nyingine, asante sana. Nimechomeka ya Mickey kwenye mashine yangu, ikawaka bila shida.

Kwa aliyeuliza kitufe cha kuruka: hakipo. Bugs haruki kabisa! Unapanda ngazi, unapita kwenye mabomba, unaangusha vitu juu ya vichwa vya maadui kama paka Sylvester, au unawatwanga kwa glovu ya ndondi ukiipata. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo, maana adui akikubana kwenye kona huna ujanja, lazima upange njia mapema.

Hatua ziko 80 na kaseti haihifadhi chochote, kwa hiyo andika pembeni nywila ya hatua uliyofikia kabla hujazima.